Umeacha Pombe, Sasa Unakula na Nani?

Swali hili naulizwa hapa Kigoma, sokoni Mwanga, naulizwa mwaloni Kibirizi, naulizwa usiku kwa simu na mtu asiyetaka kutaja jina lake. Kijana mmoja aliniambia ana miezi miwili hajagusa, lakini ikifika jioni miguu inajiendea yenyewe. Mama wa Ujiji aliuliza ampikie nini mumewe ili asirudi kilabuni. Mwingine alitaka kujua kama akialika watu kwake bila bia watakuja kweli.

Jibu langu kwa wote watatu linaanzia jikoni. Anayeacha pombe hupoteza vitu viwili kwa mpigo: saa aliyozoea kutoka, na watu aliozoea kukaa nao. Wengi hupambana na kiu tu, saa wakaisahau na watu wakawasahau. Chakula cha nyumbani kinacholiwa na mwenzako kinaweza kuziba nafasi zote mbili, lakini lazima kipangwe. Kisipopangwa, ugali utapoa chini ya kawa na mlaji yuko grosari.

Mimi pia niliacha. Ninayoyaandika hapa nimeyajaribu nyumbani kwangu, au nimeyaona kwa majirani waliofanikiwa na waliokwama.

## Kabla ya kuwasha moto

Chakula hakitibu arosto. Kama umekunywa kila siku kwa miaka, hasa gongo, au kama huwezi kushika kikombe asubuhi mpaka uzimue kwanza, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Nenda ukamwone daktari kabla. Hatari hujitokeza kuanzia saa chache baada ya kuacha, na siku tatu za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi. Dalili ni hizi:

- mwili kutetemeka sana, jasho, moyo kwenda mbio;
- kutapika kila unachokula;
- kuona au kusikia visivyokuwepo;
- kuchanganyikiwa, kutojua uko wapi;
- degedege.

Ukiona degedege, kuchanganyikiwa, au mtu anayeona visivyokuwepo, usisubiri kupambazuke. Mpeleke Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, au kituo cha afya kilicho karibu, na uwaambie madaktari ukweli kuhusu kiasi alichokuwa akinywa. Wanywaji wa muda mrefu mara nyingi huwa wamepungukiwa vitamini B1, na upungufu huo unaweza kuharibu ubongo. Sufuria ya maharage haiwezi kuuziba kwa haraka inayotakiwa. Hospitalini wana sindano.

Jambo la pili nalisema kwa uchungu, maana naulizwa kila mara. Kuna watu wanauza unga au vidonge vya "kumkatisha pombe" ambavyo mke huambiwa atie kwenye mboga bila mume kujua. Usitie kitu chochote kwenye chakula cha mtu kwa siri. Hujui unga ule ni nini. Na hata dawa halali ya hospitali inayomfanya mtu augue akinywa inaweza kumuua ikiwa ameimeza bila kujua kisha akanywa. Isitoshe, siku atakayogundua, hatakula tena kwako kwa amani. Mpango wote ninaoueleza hapa unasimama juu ya kuiamini sahani.

## Ijue saa yako

Usianze na mapishi, anza na saa. Chukua karatasi uandike, kwa siku saba, ni wakati gani kiu inakuja. Mfanyakazi wa ofisini ataona ni saa kumi na moja jioni. Mvuvi wa dagaa ataona ni saa mbili au saa tatu asubuhi, vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vikisharudi, samaki wakishauzwa na fedha iko mfukoni. Ushauri wa "kula chakula cha jioni na familia" haumsaidii mvuvi huyo hata kidogo. Kwake mlo wa kuokoa ni ule wa asubuhi.

Ukishaijua, panga hivi:

1. Chakula kiwe tayari nusu saa kabla ya saa yako. Tumbo tupu ndilo linalokupeleka.
2. Kazi ya jikoni (kuchambua, kumenya, kukoleza moto) ianze saa nzima kabla. Mikono ikiwa na shughuli, kiu hupita.
3. Awepo mtu mmoja anayejua unakula saa hiyo. Akuulize usipokuwepo.

Sisi wa ziwani tuna kalenda nyingine juu ya saa. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola na betri, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka sana vipe hukaa ufukweni. Siku hizo za mwezi mpevu vijana hawana kazi, na vilabu vinajaa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mwaka 2024, likawa pumziko la samaki, lakini kwa mtu aliyetoka kuacha pombe miezi mitatu ya kukaa bure ni mtihani. Tazama kalenda ya mwezi kama unavyoitazama ya mshahara. Siku za mbalamwezi ndizo za kualika watu, kwa kuwa nao hawana pa kwenda ila kilabuni.

Nakumbuka pia viroba vya pombe vilivyopigwa marufuku Machi 1, 2017. Vipakiti viliondoka madukani, ila saa ya kunywa ikabaki palepale, na watu wakaijaza kwa kitu kingine. Ndiyo maana nasisitiza saa.

## Pika unachokijua, ukipike vizuri

Kosa la kwanza la waliotoka kuacha ni kufanya karamu. Anachinja kuku, ananunua soda kreti nzima, fedha inaisha ndani ya wiki, anakata tamaa. Pika kile ambacho mkoa wetu unacho.

Mgebuka wa moshi kwa mawese (watu wanne)

- migebuka miwili iliyokaushwa kwa moshi
- vitunguu viwili, nyanya nne, nyanya chungu sita
- mawese vijiko vinne vikubwa
- pilipili mbuzi moja nzima, ndimu moja, chumvi

1. Loweka samaki katika maji ya uvuguvugu dakika kumi. Msugue masizi, toa miba mikubwa, mkate vipande vitatu.
2. Pasha mawese kwa moto wa wastani mpaka yayeyuke na kunukia. Usiyaunguze mpaka yawe meupe. Wekundu ule ndio unaobeba kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A.
3. Kaanga vitunguu vilainike, tia nyanya, acha mpaka mafuta yapande juu.
4. Tia nyanya chungu zilizopasuliwa na vikombe viwili vya maji. Funika dakika kumi.
5. Laza samaki, weka pilipili juu bila kuipasua, acha dakika kumi na tano. Hapa usikoroge. Shika sufuria uitikise, la sivyo utapata uji wa samaki.
6. Onja, ndipo utie chumvi. Ndimu ikamuliwe sufuria ikishaepuliwa.

Kula kwa ugali wa muhogo. Kama muhogo ni mchungu, hakikisha umelowekwa siku za kutosha na kukaushwa kabla ya kusagwa. Njia ya mkato hapo ni sumu.

Dagaa naomba niwaseme kwa ufupi. Nunua waliokaushwa juu ya chanja, si chini mchangani. Wakaange kidogo bila mafuta, kisha waoshe mara tatu kwa maji ya moto, ukiwatoa kwa mkono badala ya kumwaga maji na mchanga wake. Mgeni akitafuna mchanga mara moja, mara ya pili atakuwa na udhuru.

Sombe inataka subira, na subira ndiyo tunayoitafuta. Twanga majani mpaka yawe laini, chemsha saa nzima au zaidi bila mfuniko, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu inayotoka na mvuke. Kisha tia kitunguu, dagaa au karanga zilizopondwa, na mawese mwishoni. Anayeanza kutwanga saa kumi hana muda wa kwenda popote mpaka saa moja.

Wiki za mwanzo tumbo linaweza kuwa na vidonda. Kula kidogo kidogo mara nyingi: uji wa ulezi, maharage laini, ndizi za kuchemsha, supu ya samaki. Pilipili isubiri. Hamu ya vitu vitamu itakuja kwa nguvu na haina aibu. Ndizi mbivu au chai yenye sukari vitakuvusha, ila usifanye mazoea ya vijiko vitano. Macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa au miguu ikivimba, muulize daktari kuhusu chumvi, mafuta na kiasi cha chakula kabla ya kufuata mapishi yangu.

## Vinywaji vinavyoteleza

Hapa watu huanguka bila kukusudia.

- Togwa ikiwa ya leo ni kinywaji cha nyumbani. Ikikaa siku mbili tatu inachachuka na kuwa pombe. Usinywe usiyojua imepikwa lini.
- Juisi ya ndizi iliyokamuliwa sasa hivi ni tamu na salama. Ikishatiwa unga wa mtama na kufunikwa, imeanza safari ya kuwa rubisi. Kwa aliyekuwa mnywaji wa rubisi mimi nashauri aiache kabisa, hata ile mbichi, kwa sababu ya harufu.
- Bia zisizo na kileo: wengine zinawasaidia. Mimi sizipendi kwa mwaka wa kwanza. Chupa ni ileile, mkono unakunjuka vilevile, na baadhi yake zina kileo kidogo.

Chai ya tangawizi, ukwaju, na maji ya ndimu vinatosha. Kahawa ndiyo bora kuliko vyote, na mkoa wetu unailima kwenye milima ya Buhigwe. Kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata pembeni, bao katikati: Ujiji imekaa barazani hivyo tangu zamani, na mtu anakaa saa tatu bila kumkosea yeyote.

## Anza na mtu mmoja

Huhitaji kundi. Alcoholics Anonymous, ambayo leo ina vikundi dunia nzima, ilianza mwaka 1935 huko Akron, Marekani, kwa watu wawili wenye shida moja waliokaa wakazungumza. Wanaoacha pombe hufundishana pia kujikagua mambo manne kiu inapokuja: je, nina njaa? nina hasira? ni mpweke? nimechoka? Mlo wa watu wawili unaondoa la kwanza na la tatu mara moja.

Kama unaishi peke yako, fanya hivi:

1. Pika cha watu wawili hata kama hujaalika mtu.
2. Pakua sahani ya pili, ifunike, ipeleke kwa jirani. Usieleze habari za pombe. Sema tu: "Mama Fulani, nimepika sombe, naomba uonje."
3. Subiri. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Itakuja na maembe, au na swali la jinsi ulivyopika.
4. Wiki ya pili, mwalike.

Atatokea wa kusema: "Mwanaume mzima kupeleka bakuli kwa majirani?" Mjibu kwamba wavuvi kambini hupikiana wao kwa wao, na hakuna anayewauliza uanaume wao. Wa kusema hana fedha naye ajumlishe alichokuwa akiacha kilabuni kwa siku tatu, akakitafutie mgebuka sokoni.

Mwezi wa Ramadhani ni mlango mpana kwa wote. Ujiji ni mji wa Waislamu kwa muda mrefu, na Mwislamu aliyekuwa akinywa huwa amenywa kwa kujificha, akaacha kwa kujificha, na aibu ikamtenga na sinia la futari. Ndugu yangu, rudi kwenye sinia. Huna deni la kusimulia. Peleka muhogo na samaki wako, kaa mkekani, futuru na wenzako. Mkristo jirani naye akikaribishwa aende; ile ni saa ya magharibi ambayo hakuna chupa inayomsubiri.

## Wageni wakija na chupa zao

Hili ndilo linalowatisha wengi. Amua mapema na useme mapema, siku ya kualika, si mlangoni. Maneno yawe mafupi: "Karibuni Jumamosi mchana tule mgebuka. Kwangu siku hizi hakunywewi, kuna kahawa." Usihubiri. Rafiki mwenye nia ya kula atakuja. Asiyekuja amekuonyesha alikuwa anafuata nini, na hilo linauma, nakubali. Linauma kwa miezi.

Makosa niliyoyaona:

- Kuweka "ya mgeni" kabatini. Saa nane za usiku mgeni huyo huwa ni wewe.
- Kualika jioni. Alika mchana, watu watawanyike kabla jua halijazama.
- Kualika watano waliokuwa wote kilabu kimoja. Mazungumzo yatarudi kulekule. Alika mmoja wa zamani na watatu wa nje.
- Kugeuza mlo kuwa ushuhuda. Watu wamekuja kula samaki. Atakayetaka kujua uliwezaje atabaki nyuma kukusaidia kuosha vyombo, na hapo ndipo pa kumwambia.

## Mahari, msiba na shamba

Vijijini kwetu Buha pombe ya ndizi inabeba heshima. Kuikataa mbele ya wakwe kunaweza kusomeka kama dharau. Usisubiri chungu kifike mbele yako. Siku mbili kabla, mwone mzee mmoja wa upande wenu, umwambie kwa adabu: "Baba mdogo, kwa afya yangu sinywi tena. Naomba unisemee." Mzee akisema, hakuna wa kukulazimisha. Nenda na mchango wa chakula unaoonekana, ndoo ya dagaa au mkungu wa ndizi, uwe umekuja na heshima mkononi. Kisha jipe kazi ya kugawa: anayepakua wali hashikishwi glasi. Panga na boda atakayekuchukua kabla ngoma haijakolea.

Msibani ni rahisi zaidi, kwani jiko la msiba halikosi kazi. Ila usiku wa matanga wanaume wakianza kujitenga gizani, wewe nenda ukalale.

Shambani kuna desturi ya kualika watu wakulimie kwa malipo ya pombe. Nimeulizwa: nikipika chakula badala yake, watalima? Watalima, ukiongeza na kutangaza mapema. Makande au maharage ya mawese asubuhi, ugali na samaki saa saba, na chai nyingi. Mwaka wa kwanza watapungua wachache. Utaona pia kwamba mistari ya mchana imenyooka kama ya asubuhi.

## Mpe mtu pishi lako

Kufundisha pishi ni sehemu ya kukaa bila pombe, wala si urembo. Mtu aliyejulikana mtaani kama mlevi anahitaji kujulikana kwa kitu kingine, na "yule wa sombe nzuri" ni jina linalotosha.

Nunua daftari la kurasa 48. Kila anayekuletea sahani, mwombe pishi, uandike na siku. Mtumie la kwako kwa sauti kwenye simu. Kusikia mwiko ukigonga sufuria humsaidia kuliko maandishi. Ukanda wetu una utajiri wa ajabu kwa hili. Wakongo walioko kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, tangu miaka ya 1990, na Warundi wanaovuka mpaka wa Manyovu, kila mmoja ana namna yake ya majani ya muhogo, ya maharage, ya mawese. Uliza. Swali la jikoni halimchoshi mtu, nalo linakupa sababu ya kurudi.

Unapotoa pishi, litoe zima. Kama siri ya sombe yako ni karanga, sema karanga.

## Akirudi kunywa

Wengi huteleza. Mama wa Ujiji aliyeniuliza ampikie nini mumewe asirudi, nilimwambia kweli: hakuna pishi linalomfunga mtu, na akirudi kunywa si kwa sababu mboga yako ilikuwa na kasoro. Usikubali mtu akuambie hivyo. Na kama akinywa anakupiga, suala si la chakula tena. Toka wewe na watoto kwanza, mengine baadaye.

Kwa asiye na ugomvi:

- Usiku huo usimsemeshe kwa hasira, hatakumbuka. Mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Asipoamka ukimwita, au akipumua kwa shida, ni hospitali.
- Usimsubiri kula. Wewe na watoto kuleni kwa saa ileile, na chake kifunikwe.
- Asubuhi mpe maji, kisha supu nyepesi ya mgebuka yenye chumvi na ndimu kidogo, bila mawese. Ataomba ya kuzimua. Kama alikuwa ameacha siku nyingi na ameteleza usiku mmoja, supu itamtosha. Kama amekunywa wiki nzima na anatetemeka, rudi kwenye orodha ya dalili niliyoiandika mwanzo.
- Akishakula, muulize swali moja tu: jana saa yake ilimkuta wapi, na alikuwa amekula nini. Aandike kwenye daftari lilelile la mapishi.
- Saa kumi jioni mpe kinu na majani.